Mafungo na semina visichanganywe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme na wasimamizi wa nyumba za mafungo ya kiroho, hasa zile zilizojengwa shamba, mbali na mji, ili watu wapate utulivu wa kusali.

Siku hizi nyumba hizi hukodishwa kwa semina, vikao vya kamati, hata harusi. Sina ugomvi na hilo. Paa likivuja lazima lizibwe, wapishi wana mishahara yao, na sadaka za wanamafungo hazitoshi. Ninacholalamikia ni kupokea makundi hayo yote kwa wakati mmoja. Mtu ameingia mafungo ya siku nane za ukimya, yuko kikanisani na Biblia mapajani, mara anasikia ng'ambo ya ukuta, "Moja, mbili! Moja, mbili!" Fundi anajaribu kipaza sauti. Mezani nako ni yale yale: huku watu wanakula bila kusemezana, kule wenye beji shingoni wanacheka na simu zinaita.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1922 kuwa mtakatifu msimamizi wa mafungo, aliyapanga mazoezi yake ya kiroho yachukue takriban siku 30, na akashauri anayeyafanya ajitenge na marafiki na shughuli zake. Yesu naye aliwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo (Marko 6:31). Kweli, umati uliwatangulia huko kwa miguu, lakini angalau hakuna aliyeukodishia ukumbi.

Nimesikia ikisemwa kwamba mwenye imani hasumbuliwi na kelele. Jamani! Wengi huja wamebeba msiba, ndoa inayoyumba au uamuzi mzito, na siku ya kwanza huishia kulala tu kwa uchovu. Ukimvuruga mtu huyo siku ya tatu, pale moyo unapoanza kufunguka, itambidi aanze upya, na likizo ndiyo inakwisha.

Kalenda ya nyumba itenge wiki za mafungo na wiki za semina, itangazwe mapema. Palipo na majengo mawili, wanasemina wapewe chumba chao cha kulia. Na anayepiga simu kuomba nafasi aambiwe, kabla hajalipa, nani mwingine atakuwepo siku hizo.

Ni mimi,
Mwanamafungo