Kulwa, Doto atajwe kwenye harusi yako

Kulwa mdogo wangu,

Habari za hapo Kitangiri, mama anaendeleaje na miguu? Huku Hamburg baridi imeshaanza, mi mzima, kazi ni ile ile ya kuhudumia wazee. Voisi yako ya harusi nimeisikiliza nikapiga vigelegele mwenyewe chumbani, hongera sana mdogo wangu. Ila pale mwisho uliposema shangazi kashauri pacha wako marehemu Doto asitajwe siku hiyo, eti atatia watu simanzi, hapo sijakubali kabisa. Nakuandikia maana kwenye simu nikianza habari za Doto huwa nalia tu, siongei.

Yaani tangu 2022 mtu akimtaja Doto nyumbani ni ile wiki ya mwisho tu, kifua kilivyombana, damu ilivyotafutwa, nani alimloga. Ile miaka 24 mbona hatuisemi? We ulizaliwa naye siku moja, unajua alivyokuwa. Kwa sababu ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, asingeweza kulala ziwani na ule ubaridi, lakini alitaka dagaa zimlishe kama wenzake, akajitafutia nafasi yake mwaloni, anachaji betri za taa za wavuvi mchana, jioni anawakabidhi, alfajiri yuko pale na koti lake zito na chupa ya maji anaandika kwenye daftari kila mtumbwi umeleta ndoo ngapi na nani anadaiwa mafuta. Wale mabaharia wakubwa kabisa walikuwa wakibishana hela wanasema aitwe Doto. Daftari lake lilikuwa haliguswi wala halipingwi. Kijana mwenye macho ya njano ambaye watu walimwambia mama hatafika darasa la saba!

Na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haitoki, basi ndo siku zake za mpira. Alivyokuwa anaipenda Pamba, timu imekaa huko chini zaidi ya miaka 20 na yeye anaenda tu. Imepanda Ligi Kuu 2024, hayupo. Na lile daraja la Kigongo-Busisi, si unakumbuka akipeleka dagaa Sengerema akikwama foleni ya kivuko ananipigia kunihesabia nguzo zilizosimama? Limefunguliwa 2025, karibu kilomita 3 za kukatiza maji, nimeangalia video nikazima simu.

Kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu. Tukipanda mawe ya kule Kabuhoro alikuwa anasimama katikati anasema ngoja niangalie mitumbwi ya leo. Pumzi ilikuwa imeisha. Nilijua, na mi nasimama naangalia mitumbwi naye mpaka aseme twende.

Sasa haya ya kulogwa naomba yaishe, na yale maneno ya upande wa baba kwamba ugonjwa uliletwa na mama yaishe pia, yamemtesa mama miaka yote. Sikoseli mtoto anaipata akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, na wenyewe wanaweza kuwa wazima wa afya hata hawajijui. Kwetu Kanda ya Ziwa ndo iko nyingi kuliko sehemu zote za Tanzania, maana anayebeba kinasaba kimoja cha sikoseli malaria kali haimpati kirahisi, ndo maana kwenye malaria nyingi watu wa hivo wamebaki wengi. Hakuna mchawi hapo. Doto mdogo alivyokuwa analia vidole vimevimba, kule zahanati walimpa dawa za malaria kila mara mpaka tulipofika hospitali ya Bugando ndo jina la ugonjwa likajulikana.

Mi nimepima huku, ninacho kinasaba kimoja. We na Doto mlikuwa mapacha wasiofanana kwa hiyo na wewe unaweza kuwa nacho au usiwe nacho, haijulikani bila kipimo. Mkiwa nacho wote wawili wewe na shem, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 mtoto kuugua. Sikwambii usimuoe, usinielewe vibaya, nampenda yule binti! Nataka mjue mapema, mtoto akizaliwa na sikoseli aanze penisilini akiwa mchanga, apate dawa ya haidroksiyurea, asizungushwe kama Doto alivyozungushwa. Watoto wa sikoseli sa hivi wanaotibiwa mapema wanakua.

Halafu mwambie mshereheshaji amtaje kwa jina, Doto pacha wa bwana harusi, aliyekuwa mwaloni Kirumba, na waalikwe wale mabaharia wake, watakuja wengi utaona. Lile daftari analo mama kwenye sanduku, nipigie picha kurasa zote hata kama wino umefutika.

Nimetuma hela leo. Ya dawa za mama mpe mkononi, inayobaki ni ya nyie wawili kwenda kupima kabla ya desemba. Majibu nitumie hata usiku.

Dada yako anayekupenda.