Kesho Kilwa Kisiwani: shimo la majaribio la kutafuta mabaki ya kale

Asalaam aleikum ndugu zangu. Boti inaondoka Kilwa Masoko saa 12 na nusu asubuhi, tuwahi kabla maji hayajapwa.

Leo shimo letu la mita 1 kwa 2 limefika sentimita 70. Chini ya kifusi cha matumbawe na chokaa tumekuta tabaka jeusi la majivu, mifupa ya samaki, na kigae cha chombo cha kijani kinachong'aa kama kimeoshwa jana. Ni cha China. Kilwa aliyoifikia msafiri Ibn Battuta wa Morocco mwaka 1331 ilikuwa na vyombo vya namna hiyo. Nilipokishika mkono ulinitetemeka.

Kwa hiyo nawaomba sana, mtu asichomoe kitu kwenye ukuta wa shimo. Kikitoka kabla ya kupimwa kina chake, hatujui tena ni cha zama zipi. Udongo wote upite kwenye chekeche, hata unaoonekana mtupu: shanga nyingine ni ndogo kama punje ya ulezi.

Picha zibaki humu kwenye kundi mpaka tufukie shimo, watafuta hazina wasije wakatutangulia.

Anayekuja aandike jina kabla ya isha. Kofia na maji, kila mtu abebe yake.