Habari za Cerro Gordo ziyataje madini ya risasi pia

Ndugu Mhariri,

Kila ninaposoma habari za Cerro Gordo, ule mji wa migodi uliohamwa katika milima ya Inyo huko California, nakuta madini ya fedha yamesifiwa weee, na risasi, ile metali nzito yenye sumu, imetajwa kwa kupita. Naomba nafasi nilisemee hili.

Mawe yaliyoanza kuchimbwa pale mwaka 1865 yalikuwa na risasi nyingi kuliko fedha, na risasi ndiyo iliyofanya kazi. Ikiyeyuka tanurini huizoa fedha na kuzama nayo chini, taka zikabaki zinaelea juu. Mfanyabiashara Mortimer Belshaw alilielewa hilo mapema. Alijipatia sehemu ya mgodi wa Union, wenye risasi tele, na wachimbaji wengine wakawa hawana budi kumtegemea. (Barabara ya kushukia bondeni nayo ilikuwa yake, akitoza ushuru.) Vipande vya risasi yenye fedha, kila kimoja kilo 38 hivi, vilitoka tanurini haraka kuliko magari ya nyumbu yalivyoweza kuvifikisha Los Angeles. Mwaka 1873 vililundikana kando ya ziwa Owens hata watu wakavipanga kama matofali, wakatandaza turubai juu, wakalala humo.

Walilala ndani ya kuta za risasi! Na waliokesha tanurini waliuvuta moshi wake kila siku. Risasi husokota tumbo, hulegeza vifundo vya mikono na kuharibu ubongo. Kwa mtoto, hata chembe ndogo ni hatari. Tena haiozi. Iliyomwagika ardhini enzi za Belshaw haijaenda popote, isipokuwa pale inapopeperushwa na upepo wa jangwani.

Wageni huonywa wasiingie kwenye mashimo, na ni haki, maana ngazi zimeoza na hewa ya chini inaweza kuua. Lakini shimo mtu hulikwepa kwa macho. Vumbi lililoshika soli za viatu huingia naye garini hadi nyumbani.

Sipingi watu kupatembelea. Hoteli ya American ya pale, iliyojengwa 1871, ilipoteketea mwaka 2020 niliumia, na juhudi za kuijenga upya nazipongeza kwa dhati. Ninachoomba ni kwamba udongo wa kwenye matanuri na marundo ya mawe upimwe, majibu yabandikwe pale mgeni anapoegesha gari, na pawepo maji ya kunawa mikono. Nanyi waandishi, mkiandika tena habari za mji huu, wakatazeni wasomaji kuwabebea watoto mawe ya pale kama zawadi.

Msomaji wako