Kengele Uliyoisikia, Babu

Aarhus, Denmark

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu, Rehema ameniambia ile sauti niliyomtumia kwenye simu umeisikiliza mara tatu, kisha ukauliza kama mjukuu wako siku hizi naenda kanisani. La hasha. Kengele ile ni ya maktaba, na ililia kwa ajili ya mkeo mdogo. Ndiyo, ni wa kike, na tumempa jina la Bibi.

Ngoja nikueleze, maana najua hutaniacha hadi uelewe.

Mji huu ni wa bandari kama Tanga yetu. Pale mto unapoingia baharini, katikati ya mji kabisa, zamani palikuwa pa meli na mizigo. Asiye na kazi bandarini hakuwa na la kumpeleka. Mto wenyewe waliufunika tangu miaka ya 1930, juu yake magari yakipita. Baadaye makontena yakahamishiwa upande wa mashariki, mto ukafunuliwa kipande kwa kipande, na pale mdomoni ikajengwa maktaba. Inaitwa Dokk1, ilifunguliwa Juni 2015. Wewe uliyebeba marobota ya katani hadi kwenye matishari, hebu fikiria gati limegeuzwa mahali pa kusomea!

Chini ya jengo inapita treni ya mjini. Magari nayo, karibu 1,000, yanaegeshwa na mashine: unaliacha gari kwenye kijumba cha vioo, unashuka, sakafu inalimeza. Mara ya kwanza nilisimama nikitazama hadi watu wakanicheka.

Humo ndani ungeuliza vitabu viko wapi. Vipo, lakini nafasi kubwa wameiacha wazi kwa watu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka maktaba ya pale mjini, yule mama wa mezani kidole mdomoni, nami nikiogopa hata kupiga chafya? Huku watoto wanakimbizana. Hata mimi sikuingia kwa kupenda kusoma, nilifuata karatasi za serikali, kwa kuwa pasipoti, leseni na mambo kama hayo yanashughulikiwa humo humo. Nikasubiri zamu yangu, nikaona viti vya dirishani vinavyotazama bahari, na tangu hapo nimekuwa mtu wa pale. Maghorofa mapya ya ufukweni bei yake hata nisikutajie, sisi tumepanga mbali. Lakini kiti kile hakina kodi, na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Sasa kengele. Ni bomba la shaba lenye urefu wa mita saba na nusu, uzito kama tani tatu, linaning'inia ukumbini. Kitufe chake kiko hospitali, wodi ya wazazi. Mtoto akizaliwa, mzazi akitaka anakibonyeza, na kule maktaba bomba linalia. Halitaji jina wala kabila.

Jumanne saa tisa mchana nesi akatuonyesha kitufe. Nikampigia Bakari, yule kijana wa Kigoma, ambaye hujifunzia Kidenmaki pale kila siku. "Subiri kwanza nisogee," akasema, kisha, "Haya, niko chini yake." Mke wangu akabonyeza. Sisi hatukusikia kitu, tuliisikia kwenye simu kama ninyi.

Isikilize tena Babu, safari hii hadi mwisho. Mlio ukishafifia kuna mtu anakohoa. Bakari anasema ni mzee aliyekuwa akisoma gazeti. Aliinua kichwa, akalitazama bomba, akatabasamu, akarudi kwenye gazeti lake.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mwambie Rehema picha zinakuja mtoto akikubali kufungua macho.

Mjukuu wako,
Salimu