Shangazi, hicho kidonda usikianike jua

Shikamoo shangazi. Mambo haya ningekuandikia inboksi ila naweka hapa hadharani makusudi maana kila ukoo siku hizi una mtu wa sukari mwenye kidonda cha mguu na wengi wanafanya hilo hilo unalofanya wewe. Ile picha uliyotuma kwenye grupu nimeiona, mguu juu ya stuli unapigwa jua, kidonda kimepakwa jivii, ile dawa ya zambarau, mpaka rangi yake haijulikani, na bado umeandika "kinakauka alhamdulillah".

Kukauka ndo tatizo lenyewe. Najua tumelelewa hivyo, kidonda kipate upepo kifanye kigaga, lakini mwaka 1962 mtafiti mmoja Mwingereza, George Winter, alijaribu kwa nguruwe (nivumilie hapo), vidonda vingine akaviacha wazi vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba, vile vya kufunikwa vikaota ngozi karibu mara mbili haraka zaidi. Ngozi mpya huwa inatambaa kutoka pembeni kuja katikati, na seli zake pakavu hazipiti, zikikutana na kigaga inabidi zijichimbie njia chini yake kutafuta unyevu. Halafu wewe unamwagia spiriti juu, shangazi, zile zilizoanza kutambaa unaziua mwenyewe.

Sasa ile dawa ya ute uliyosema nesi kakuonyesha ukaikataa eti "maji maji yataozesha", inaitwa haidrojeli. Si umeona pampasi ya mjukuu ikijaa, ndani panakuwa na vile vitu laini vinavyoteleza, maji yameshikwa humo na hayamwagiki? Ndo hiyo hiyo kazi, nyuzi ndogo sana zimefungamana kama wavu zinashika maji, na ya vidonda inaweza kuwa maji matupu asilimia 90 hivi. Ilianza kujulikana kwenye macho, wakemia wawili wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, mwaka 1960 walitangaza jeli ambayo baadaye ikatengenezewa lenzi laini za macho. Kwenye kidonda inalainisha ile nyama mfu ngumu mpaka mwili wenyewe uiyeyushe, inapoza, na siku ya kubadilisha haing'oi nyama mpya kama ile gozi kavu, kitambaa cha kufungia kidonda, inayokutoa machozi. Na kuna wanaojaribu kutengeneza jeli hizi kwa karajinani, kitu cha kugandisha kinachotoka kwenye mwani, huu huu wa kina mama wa Paje kule Zanzibar ambao sisi tunaukausha tunaujaza viroba tunawauzia wengine wakatengenezee huko, hilo linanikera ila tuliache.

Usije ukaipaka kila mahali lakini. Jeli inafaa kidonda kikavu au chenye maji kidogo. Kikiwa kinachuruzika, ngozi ya pembeni italowa, itakuwa nyeupe na kubambuka, hapo zipo bandeji nyingine za kunyonya. Na jeli haiui wadudu, kikinuka, kikiwa cheusi, wekundu ukianza kupanda mguuni au ukapata homa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu wala usimsubiri mjomba arudi safari.

Kingine, kidonda kiko chini ya unyayo na bado unakikanyagia kwenda sokoni, kwa sababu ya ganzi husikii maumivu basi unaona kimepona. Hakuna jeli duniani itakayoziba kidonda kinachobebeshwa uzito wa mwili kutwa nzima, wala sukari ikiwa juu. Uliza kuhusu kiatu cha kupunguza uzito unaokandamiza kidonda.

Basi kesho asubuhi rudi kwa yule nesi, usipake kitu kabla, mwambie akuoshee kwa maji ya chumvi ya hospitali na umuulize kidonda changu ni kikavu au cha maji, na hiyo jeli inabadilishwa kila baada ya siku ngapi. Kama bei ni kubwa nipigie kabla hujaondoka dirishani, nitatuma kwa simu. Na hiyo chupa ya spiriti mpe fundi redio hapo jirani.