Daladala zinazokatisha ruti: tuanze na hesabu ya tajiri

Mhariri,

Ikifika saa 11 jioni, abiria wa Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam huitiwa ruti ambayo haipo ubavuni mwa gari. Daladala limeandikwa Bunju–Makumbusho, konda mlangoni anapaza sauti: "Tegeta mwisho!" Anayekwenda Boko au Bunju apande hivyo hivyo, ashuke Tegeta, agombee gari jingine na kulipa tena. Huyo ana nafuu, kwa kuwa kaambiwa mapema. Wapo wanaotozwa nauli ya mpaka Bunju, kisha wakifika Tegeta wanaambiwa gari bovu. Konda muungwana huwafaulisha kwenye gari la mwenzake. Wengine hugeuza na nauli za watu mfukoni, na kwa kuwa tiketi hazikutolewa, abiria hana cha kuonyesha kwamba alilipia mpaka mwisho.

Askari wa usalama barabarani wanawakamata madereva na makonda kwa kosa hili, na kweli kosa ni lao. Ila adhabu hiyo haifiki kwenye mzizi. Daladala nyingi zinaendeshwa kwa hesabu: tajiri, yaani mwenye gari, amepanga kiasi anachotaka kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Katika makusanyo hutoka mafuta, pesa ya wapiga debe, ya kuosha gari na hesabu yenyewe. Kinachobaki ndicho dereva na konda wanagawana. Mshahara hakuna. Sasa jioni watu wote wanatoka mjini. Gari likifika Bunju linarudi karibu tupu, likiunguza mafuta bure. Dereva akigeuzia Tegeta anaokoa mafuta na muda, anawahi tripu nyingine Makumbusho.

Faini haimzuii dereva huyu. Inalipwa kutoka makusanyo yaleyale, hesabu ya tajiri haipungui hata senti, na pengo anatakiwa kuliziba kabla hajalaza gari. Njia anayoijua ya kuliziba ni kukatisha tena.

Uhaba wa magari unaotokea jioni ndio umezaa mtindo wa kugeuza na gari. Abiria wa Mwenge anayetaka kwenda Tegeta anapanda kwanza gari linaloelekea Makumbusho, analipa, anakaa kwenye siti na kugeuka nalo, halafu analipa tena. Konda anafurahi, siti moja imeleta nauli mbili. Gari linaingia stendi siti zote zina watu. Mama mjamzito na mzee waliosubiri pale stendi kwa utaratibu wanabaki kusimama, au hawapandi kabisa.

Mwanafunzi anaumia zaidi. Nauli yake ni shilingi 200, wakati mtu mzima, tangu Desemba 2023, analipa 600 hata kwa ruti fupi kabisa. Kwa dereva anayekimbizana na hesabu, kila mwanafunzi ni pungufu la shilingi 400 au zaidi, ndiyo maana anamwachia konda azibe mlango kwa mkono na kupakia wawili tu. Mtoto wa darasa la tatu anasukumwa chini saa 12 jioni kwa sababu ya makubaliano ya hesabu kati ya watu wazima wawili, tajiri na dereva. Hili halivumiliki.

Madereva waligoma Aprili na Mei 2015, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Mamlaka inayotoa leseni za usafirishaji iudai mkataba huo, wenye mshahara unaotajwa, kila leseni ya daladala inapohuishwa. Kosa la kukatisha ruti liandikwe kwenye leseni ya mwenye gari, maana yeye ndiye mwenye uwezo wa kupunguza hesabu ya siku ngumu.

Ukaguzi nao uhame. Askari kusimama Mwenge, ambako kila gari linapita, hakusaidii; magari yanageuzia Tegeta. Makumbusho awepo mtu wa kuandika namba ya gari na saa ya kutoka, Bunju awepo wa kuandika saa ya kufika, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku. Daftari mbili na simu moja zinatosha kuanzia. Usiku orodha zilinganishwe, na gari lililotoka Makumbusho bila kuonekana Bunju lisipewe zamu stendi kesho yake asubuhi mpaka tajiri mwenyewe afike kujieleza.

Msomaji wako,
Boko, Dar es Salaam