Barua kwa Zuhura: safari ya kuona mibuyu na tembo wa Tarangire

Arusha, 3 Agosti

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Hongera kwa kukubali mzigo wa kuwapanga wastaafu 12 kwa safari ya siku tano ya kuona mibuyu na tembo. Najua si kazi ndogo. Umeniuliza mengi kwa pamoja, kwa hiyo nitajibu kadiri mambo yanavyofuatana, na pale penye uzito nitakaa zaidi.

Kwanza mahali. Nendeni Tarangire, na nendeni Tarangire tu. Wenzako wanaotaka Manyara na Ngorongoro ziingizwe kwenye siku hizohizo tano, waeleze hesabu ilivyo: kutoka Tanga hadi Arusha ni siku nzima barabarani, na kurudi ni siku nyingine. Zinabaki tatu. Ukizigawa kwa hifadhi tatu, wazee watakachokumbuka ni lami, vumbi na foleni za getini. Tarangire ina takriban kilomita za mraba 2,850, mibuyu inaanza palepale getini, na kiangazi mto wake unavuta wanyama wa eneo lote hadi nyanda za Simanjiro, kwa kuwa maji kwingine yamekauka. Miti na wanyama mnaowataka wako pamoja.

Kuna atakayesema mibuyu hata Tanga ipo. Ni kweli, lakini mbuyu wa pwani umekua na watu, na wa Tarangire umekua na tembo. Angalieni mashina: kuanzia chini hadi pale mkonga unapofika, gome limechanwa, mahali pengine limeota upya na kufanya makovu yenye mikunjo, na mahali pengine mti umechimbwa ndani hadi kuwa na pango. Mti wa mbuyu hushika maji mengi sana, na nyuzi zake ni laini, ndiyo maana tembo huutafuna nyakati za ukame. Miti mingi ikichunwa gome kuzunguka shina lote hufa, lakini mbuyu huweza kuotesha gome jipya. Kinachouangusha ni kuchimbwa kwa kina, ukame baada ya ukame, hadi shina lishindwe kubeba matawi. Mbuyu ulioanguka haukai kama gogo. Huoza haraka na kuwa rundo la nyuzi. Mkiuona, mwombeni dereva asimame. Mulizeni pia kwa nini miche ni michache. Mche wa mbuyu una majani yasiyofanana na ya mti mzima na ni chakula chepesi kwa wanyama, basi wengi hawafiki umri wa kuwa miti.

Kuhusu umri, mtasikia mengi. Ukiambiwa kila mbuyu mnene una miaka 3,000, usiandike. Pete za ukuaji ndani ya shina la mbuyu hazitegemeki kuhesabia miaka, na miti mikubwa mara nyingi ni mashina kadhaa yaliyoungana na kuacha uwazi katikati, hivyo unene peke yake haukupi jibu. Wataalamu hupima kaboni iliyomo kwenye mbao zake. Kwa kipimo hicho, mbuyu ulioitwa Panke kule Zimbabwe ulikadiriwa kuwa na miaka 2,450 hivi kabla haujafa, na ule wa Grootboom, Namibia, miaka 1,275 hivi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mizee kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa kabisa au imepoteza sehemu zake za kale zaidi, na hayo yote ndani ya miaka 12 hivi. Walihisi mabadiliko ya tabianchi yana mkono. Mimi naona hiyo ni sababu tosha ya kutoichelewesha safari hii.

Na kama kuna anayetaka urefu badala ya unene, mwambie hiyo ni safari nyingine. Mti wa asili mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika ni mkukusu wa mita 81.5 katika bonde kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ulioripotiwa mwaka 2016. Huko ni kupanda na kushuka makorongo kwa miguu, si kazi ya magoti ya kikundi chenu.

Sasa majira, na hapa ndipo uamuzi wako mkubwa ulipo. Julai hadi Oktoba wanyama ni wengi mtoni, lakini mibuyu iko mitupu bila jani. Mvua zikishaanza, mibuyu huvaa majani na nchi inapendeza, ila nyumbu na pundamilia huondoka kwenda kuzalia Simanjiro, na tembo hutawanyika. Kuna dirisha dogo katikati: wiki ya mwisho ya Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Novemba. Hapo mibuyu imeanza kuchanua na vuli kwa kawaida haijashika. Ua la mbuyu hufunguka jioni, popo na nondo hulijia usiku, na kesho yake hunyauka na kudondoka. Jioni mnatakiwa muwe mmetoka au mko kambini, kwa hiyo nafasi yenu ni asubuhi na mapema, maua yakiwa bado meupe. Yakishapigwa jua hugeuka rangi ya kahawia. Chini ya mti wenye maua mara nyingi mtawakuta swala wakiokota yaliyoanguka. Hatari ya dirisha hili ni mvua ya mapema: siku moja ya mvua kubwa inatosha kuanza kuwatawanya wanyama, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa unanasa gari. Ningekuwa wewe ningechagua wiki ya mwisho ya Oktoba.

Gari. Umesema mmepewa bei nzuri ya Coaster moja kwa watu wote 12. Ikataeni. Coaster ina madirisha ya chini, haifunguki juu, na njia za kuelekea kinamasi cha Silale si zake. Chukueni Land Cruiser mbili ndefu zenye paa la kuinua. Kila moja ina viti saba vya abiria pamoja na cha mbele. Pangeni watu sita, kiti cha saba kiwe cha mikoba na maji. Gari hukodishwa kwa siku, liwe na watu watatu au sita, kwa hiyo lijazeni na gharama ya kila mtu itashuka. Kabla ya kutoa malipo ya awali, ombeni kuona leseni ya kampuni ya utalii ya mwaka huu, mulizeni kama bei imeingiza mafuta, viingilio vya watu, ada ya gari na posho ya dereva, na mtake kila kimoja kiandikwe kivyake. Bei inayotajwa kwa jumla moja ndiyo inayozaa ugomvi getini. Hakikisheni pia kuna matairi mawili ya akiba kwa kila gari, maana miiba ya migunga haina huruma, na ngazi au kigoda cha kupandia. Land Cruiser iko juu, na mtu wa miaka 70 atapanda na kushuka mara nyingi kwa siku.

Muhimu kuliko gari ni dereva. Ongeeni naye kwa simu kabla. Mwambieni wazi kwamba kikundi hiki kinataka kusimama kwenye miti, dakika 20 au 30 mahali pamoja, injini imezimwa. Madereva wengi wamezoea wageni wanaotaka chui, na redio ikilia tu kwamba chui ameonekana, gari linaruka mbio. Mtafika mkute msururu wa magari na mkia unaoning'inia mtini. Akikubali mwendo wenu, mulizeni swali dogo: ni upande gani wa mbuyu ambako ndege aina ya mnana wakubwa wanaojenga kwa vijiti vya miiba huweka viota? Aliyezoea kutazama miti atakwambia ni magharibi zaidi.

Malazi na kibali viangalie kwa pamoja. Kibali ni cha kuingia mara moja: mkitoka kulala nje, kesho mnalipa upya. Mkilala ndani mnaongeza ada ya kambi, lakini mnaweza kuingia mchana wa siku ya kwanza na kutoka kabla ya saa ileile kesho yake kwa kiingilio kimoja. Viwango hubadilika, kwa hiyo pata orodha ya sasa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), usitegemee ya mwaka jana. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali au kadi, siyo fedha taslimu, basi kampuni ilipe siku chache kabla na ikutumie risiti. Kila mtu abebe kitambulisho cha Taifa halisi, siyo picha kwenye simu. Na yule mdogo wake Bi. Mwanahawa anayekuja kutoka Muscat, kama anatumia pasi ya Oman atalipa kiwango cha raia wa kigeni. Mwambieni mapema ili asishtuke mbele za watu.

Kwa umri wenu, mimi nashauri usiku wa kwanza mlale nyumba ya wageni katika mji mdogo wa Mto wa Mbu, ambako bei ni nafuu na vyoo viko ndani, na usiku wa pili mlale kambini ndani ya hifadhi kwa wale wanaoweza. Kambi haina uzio. Tembo hupita usiku katikati ya mahema, na wana pua kali, hivyo tunda lolote lisiingie hemani, hata ganda la chungwa. Hakuna kutoka nje gizani, kwa hiyo kila hema liwe na ndoo yenye kifuniko kwa haja ya usiku. Lisemeni mapema bila aibu. Mzee anayejibana au anayetoka kimyakimya saa nane za usiku ndiye anayepata matatizo. Asiyeweza kulala hivyo msimlazimishe. Alale nje ya geti na mwenzake.

Siku yenyewe ianze hivi. Ondokeni Mto wa Mbu saa 11 alfajiri, chai na mayai ya kuchemsha vikiwa kwenye gari. Kifungua kinywa cha hotelini ndicho kinachoharibu safari nyingi: kinaanza saa moja, watu wanamaliza saa mbili, na getini mnafika jua likiwa kali. Mafuta yajazwe Makuyuni. Mkiingia, zungukeni kwanza Lemiyon, upande wa kaskazini, ambako mibuyu ni mingi na mwanga wa asubuhi unalala vizuri kwenye mashina. Tulieni huko hadi saa tatu unusu. Kisha shukeni kando ya mto hadi Matete, ambako pana vyoo na meza za kulia. Tumbili wa pale wanajua sauti ya kisanduku kinachofunguliwa, basi mtu mmoja asimamie chakula na ndizi zisitolewe hadharani. Joto la mchana si wakati wa kuzunguka kwa mwendo. Ni wakati wa kukaa juu ya kingo za mto mkitazama chini, kwa sababu tembo huteremka kunywa na kuchimba mchanga mida hiyohiyo.

Silale iachieni siku ya pili, asubuhi. Ni kinamasi kinachobaki kijani wakati nyasi zote zimekauka, na tembo huingia hadi tumboni. Kwenye miti ya ukingoni tazameni juu: chatu hupanda na kujizungusha matawini. Njiani waangalieni pia choroa na swala twiga, ambao si wa kila hifadhi.

Kwa tembo, dereva asizibe njia yao ya kwenda majini, hilo ndilo kosa linaloleta shari kuliko yote. Jike akitanua masikio na kutikisa kichwa, au dume anayetiririka majimaji kwenye panja akielekea kwenu, ni kurudi nyuma taratibu bila honi wala kelele. Hakuna kushuka garini ila mahali palipoandikwa. Anayetaka kuushika mbuyu kwa mkono aushike pale getini, kuna inayofikika kwa miguu. Buyu lililoanguka msiokote. Ubuyu mtanunua sokoni.

Mbung'o wapo, hasa vichakani kusini. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, na dawa za kupaka haziwazuii sana. Waambie kina mama mabaibui meusi yabaki begini wakati wa mzunguko. Kanga au dera la rangi ya udongo na mikono mirefu vinatosha. Mtandio mmoja zaidi ni wa kuziba pua na vumbi. Maji lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye mizigo ya juu. Darubini mbili kwa kila gari, za kukuza mara nane (8x42), ni bora kuliko kumi za bei rahisi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, fungeni vitu kwenye vitambaa au makopo.

Nitumie kabla ya tarehe 20 mwezi huu majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, nani anatumia pasi ya nje, nani hawezi kulala hemani, na nani ana mgongo unaouma ili apewe kiti cha mbele au cha katikati. Viti vya nyuma kabisa vinarusha. Nikishayapata nitakuandikia mpangilio wa magari mawili na maswali ya kuiuliza kampuni.

Nisalimie wote, na mama mzazi hasa.

Rafiki yako,
Neema